Kahawa ya juani na kahawa ya kivulini: maswali yanayoulizwa sana kuhusu naitrojeni na rutuba ya udongo

Haya maswali yanarudi kila msimu, kuanzia Rombo na Machame mpaka Mbozi na Mbinga, na wenzetu wa Murang'a na Nyeri nao wanauliza yaleyale. Nimeyaweka sehemu moja. Kuna jambo moja utaliona linajirudia karibu kila jibu, nalo ni kwamba mbuni unakula kulingana na mwanga unaoupata na mzigo wa matunda ulioubeba, kwa hiyo ukiweka mbolea bila kuangalia hivyo viwili unamwaga hela, au unaumiza mti.

Jirani yangu anaweka mifuko 8 ya CAN (mbolea ya dukani ya naitrojeni) kwa hekta na kahawa yake imenona kweli. Na mimi niweke hivyohivyo?

Kwanza angalia juu. Shamba lake lina miti ya kivuli mingapi na la kwako lina mingapi? Kahawa iliyo juani inapata mwanga mwingi, inatoa maua mengi kila kifundo cha tawi, na ikishabeba huo mzigo inahitaji naitrojeni ya kutosha kulisha matunda na wakati huohuo kutengeneza matawi ya mwaka kesho. Kahawa iliyo chini ya mringaringa, mgrivea na migomba imejaa inatoa maua machache, inakua taratibu, na mahitaji yake yanashuka. Ukiipa ile dozi ya juani haitaitumia yote, itakupa majani mapana ya kijani kibichi na maotea mengi, matunda yaleyale, na mbolea iliyobaki itasombwa na maji kwenda chini ambako mizizi haifiki.

Hiyo naitrojeni yenyewe inaisaidia nini kahawa?

Majani, vikonyo vipya, na matawi ambayo ndiyo yatazaa mwaka unaofuata. Kahawa haizai mara ya pili kwenye kifundo kilekile kama kawaida, inazaa kwenye sehemu mpya ya tawi iliyokua msimu uliopita, kwa hiyo mwaka ambao umeinyima naitrojeni hasara kubwa unaiona mwaka unaofuata. Halafu kuna kinachobebwa na mavuno: tani 1 ya kahawa safi, yaani punje zilizokobolewa, ukihesabu na maganda yake, inaondoka na naitrojeni kama kilo 30 hadi 40, na potasiamu nayo kiasi kinachokaribiana na hicho au zaidi. Usirudishe chochote miaka kumi halafu uulize kwanini shamba la babu lilikuwa linazaa.

Sawa, kwa hiyo gramu ngapi kwa mti? Naomba hesabu, sio maneno.

Twende nayo. Nafasi ya zamani ya futi 9 kwa 9, yaani mita 2.74, inaingiza miti kama 1,330 kwa hekta. Tuseme unataka kuweka kilo 100 za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka, ambacho ni kiwango cha shamba la juani linalotunzwa na linalozaa vizuri. CAN ina naitrojeni asilimia 26, kwa hiyo ni kilo 385, karibu mifuko 8 ya kilo 50, na ukigawa kwa miti unapata gramu 290 kwa mti kwa mwaka mzima. Kwa Urea yenye asilimia 46 ni kilo 217, kama gramu 165 kwa mti. Hiyo ni ya mwaka, sio ya mkupuo mmoja!

Sasa geuza hesabu uanzie kwenye mavuno. Mti wa kivulini unaotoa nusu kilo ya kahawa safi unaondokewa na naitrojeni kama gramu 18 tu. Mbolea unayoweka haichukuliwi yote, nyingine inapotea hewani, nyingine inazama, nyingine inaingia kwenye mboji ya udongo, na mti wenyewe unajenga majani, matawi na shina, kwa hiyo zidisha kwa 3 hivi, unapata gramu 54, ambayo ni CAN kama gramu 200. Kama pana miti inayorutubisha udongo na samadi inaingia, punguza tena. Ndio maana huwa nasema kilo 50 hadi 60 za naitrojeni kwa hekta kwa shamba la kivuli kizuri inatosha, na kwa shamba la juani lenye mzigo mkubwa kilo 100 ni pa kuanzia. Kule Brazili kwenye mashamba ya juani yenye umwagiliaji na mashine wanaweka 200 hadi 400 na mavuno yao ni makubwa sana, usichukue dozi yao bila kuchukua na maji yao.

Kitu kingine, aina mpya fupi kama Ruiru 11 ya Kenya zinapandwa mita 2 kwa 2, miti 2,500 kwa hekta, hapo gramu kwa mti inashuka lakini mifuko kwa hekta inapanda. Kopo lako la kupimia lipeleke dukani ulipime kwenye mizani mara moja, na upime kwa kila mbolea, sababu kopo la Urea ni jepesi kuliko kopo la CAN.

Miti yote ya kivuli inaongeza naitrojeni si ndio?

Hapana, na hapa watu wengi wanapotea. Miti inayoshirikiana na bakteria kukamata naitrojeni ya hewani ni ya jamii ya mikunde: mruka wa Kilimanjaro, lusina, gilirisidia. Mgrivea haukamati. Mringaringa haukamati. Mgomba haukamati, na parachichi na mwembe pia. Hiyo haimaanishi ni mibaya, mringaringa unaangusha majani mengi yanayooza vizuri na kuleta juu virutubisho vilivyozama chini, lakini huko ni kuzungusha kilichopo shambani, hauingizi naitrojeni mpya.

Ukitaka kujua mti wako unafanya kazi, fukua mizizi midogo pembeni wakati wa mvua, utaona vinundu, kipasue kimoja kwa kucha. Ndani kikiwa na rangi ya waridi au wekundu kinafanya kazi, kikiwa cheupe au kahawia kimelala. Na ujue kwamba ukimwaga mbolea nyingi ya naitrojeni karibu na mti wa mikunde, vinundu vinalegea maana mti unakula cha bure kilichopo udongoni.

Hata mti mzuri una kikomo. Costa Rica wana mti wanaouita poró, wanaukata matawi mara mbili kwa mwaka na kuyalaza chini ya kahawa, na virutubisho vinavyorudi kwa majani hayo vinaweza kulingana na mbolea ya shamba zima, ila sehemu kubwa ni ile iliyokuwa udongoni ikizunguka tena, iliyoingia mpya kutoka hewani ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Sasa mruka usiokatwa tawi hata moja kwa miaka 20 unakupa nini zaidi ya giza? Majani yanatakiwa yafike chini.

Kivuli kiwe kiasi gani basi?

Asilimia 30 hadi 40 inatosha kwa sehemu nyingi za miinuko. Simama katikati ya kahawa saa sita mchana jua likiwa kali: ukiona madoa ya jua na kivuli yamechanganyika ardhini na jua limechukua sehemu kubwa zaidi, uko vizuri. Ukiona giza tupu, kabla hujanunua mbolea nunua siku moja ya fundi wa kukata matawi, itakulipa zaidi ya mfuko wa CAN. Naitrojeni bila mwanga haizai.

Nikikata kivuli chote nipande mavuno, kuna ubaya?

Mwaka wa kwanza na wa pili utafurahi. Kahawa itachanua kupita kiasi na kubeba mpaka matawi yanainama, lakini mizizi yake na udongo wake vilizoea maisha ya kivulini, na kama hujaongeza mbolea, samadi na matandazo, mti unakamua majani yake wenyewe kulisha matunda. Majani yanageuka njano, yanapukutika, matawi yanakauka kuanzia ncha kurudi nyuma, punje zinatoka nyepesi, na mwaka unaofuata hauvuni kitu. Wengi wanasema ni ugonjwa na wanakimbilia sumu, wakati mti umekufa njaa na matunda mgongoni. Halafu udongo nao ukipigwa na jua moja kwa moja mboji yake inaungua haraka. Kama unataka kwenda juani, punguza kivuli kidogokidogo kwa misimu kadhaa na mbolea iende ikipanda sambamba, na kama hela ya mbolea huna uhakika nayo kila mwaka, tafadhali baki na kivuli, kahawa ya kivulini inavumilia mwaka wa shida, ya juani haivumilii.

Migomba ndani ya kahawa inaninyang'anya mbolea?

Mgomba ni mlaji mkubwa hasa wa potasiamu, na naitrojeni pia unachukua. Lakini kwenye kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga, mgomba ni chakula na ni hela ya kila wiki, siwezi kukwambia uung'oe. Cha kufanya: mashina na majani ukishakata mkungu usiyatoe shambani, yakate vipande uyalaze kuzunguka kahawa, potasiamu yote iko humo. Ukiyapeleka yote kwa ng'ombe, basi samadi irudi, na irudi kwenye kahawa na sio kwenye mgomba wa karibu na banda tu. Na punguza machipukizi ya mgomba, shina 3 kwa shimo zinatosha.

Samadi inatosha peke yake?

Inaweza, ukiwa nayo ya kutosha na miti yako sio mingi. Debe moja la samadi iliyooza vizuri, kilo 10 hivi nusu yake ikiwa maji, lina naitrojeni kama gramu 75. Ukiangalia hesabu ya juu, gramu 75 ndizo zilezile za CAN gramu 290. Tofauti ni kwamba CAN inaliwa sasa hivi, samadi inaachia sehemu tu mwaka wa kwanza, labda theluthi, nyingine inakuja miaka inayofuata. Kwa hiyo debe moja mwaka huu peke yake utaona halijafanya maajabu, lakini anayeweka debe kila mwaka miaka mitano mfululizo udongo wake unakuwa mwingine kabisa, unashika maji, na hata mbolea ya dukani akiweka inakaa badala ya kusombwa.

Samadi iliyoachwa wazi ipigwe na jua na mvua nyuma ya banda imeshapoteza naitrojeni nyingi kabla haijafika shambani, ifunike hata kwa majani ya mgomba. Na mkojo wa ng'ombe ndio wenye naitrojeni nyingi, kama sakafu ni ya udongo weka mabua au majani makavu yaunyonye.

Kuna kitu cha bure naweza kutumia?

Alizeti pori, ile yenye maua ya njano inayojiotea kandokando ya barabara. Majani yake mabichi yana naitrojeni kama asilimia 3.5 ya uzito mkavu, na potasiamu nyingi, yanaoza ndani ya wiki chache. Haikamati naitrojeni ya hewani, inakusanya ya huko ilikoota, kwa hiyo unahamisha rutuba kutoka barabarani kuja kwako, hamna tatizo. Kata kabla haijakomaa mashina. Kwenye kahawa changa au iliyokatwa visiki, ambapo jua linafika chini, panda ngwara au marejea (mimea ya jamii ya mikunde) katikati ya mistari, maharage ya kawaida ni chakula kizuri ila kwenye kukamata naitrojeni ni dhaifu.

Maganda ya kahawa kutoka kwenye mashine ya kumenyea nayo ni mali inayotupwa mtoni, na ikitupwa mtoni inaua maji ya wenzako wa chini. Yarundike, yachanganye na majani na samadi kidogo, yageuzegeuze, baada ya miezi michache una mboji yenye potasiamu na naitrojeni. Usiyaweke mabichi lundo kwenye shina.

Nimetandaza mabua ya mahindi na kahawa ikawa njano, kwanini?

Mabua makavu yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, vijidudu vinavyoyaozesha vinaazima naitrojeni ya udongo kwa muda. Ikitokea hivyo ongeza CAN kidogo au changanya na majani mabichi. Ukiyaacha juu bila kuyafukia tatizo linakuwa dogo sana, matandazo hayafukiwi. Mwenye kutandaza matete kila mwaka aangalie magnesiamu, matete yanaleta potasiamu nyingi inayoizuia magnesiamu kuingia kwenye mti.

Urea ni nafuu kwa kilo ya naitrojeni, kuna shida gani?

Haina shida ukiifukia au mvua ikiifukia. Ukiimwaga juu ya udongo wenye unyevunyevu au juu ya matandazo halafu jua likawaka, inageuka amonia na kupaa hewani, na unaweza kupoteza asilimia 30 au zaidi ndani ya siku chache. Kwenye kahawa ya juani joto la udongo liko juu zaidi kwa hiyo upotevu nao unapanda. Sogeza matandazo, chimba mfereji wa kina cha kiganja bila kukata mizizi, weka, fukia, rudisha matandazo. Kama huna nguvu kazi ya hivyo, lipia CAN.

Mbolea yoyote isigusane na shina. Iweke kwenye duara chini ya ncha za matawi, na kwenye mteremko iweke upande wa juu.

SA (salfeti ya amonia) nimeitumia miaka mingi na sasa naona haifanyi kazi, imechakachuliwa?

Inawezekana, lakini mara nyingi mbolea ni nzima na udongo ndio umechoka. Kila mbolea ya amonia inapogeuzwa na bakteria inaacha tindikali, na SA ndiyo inayoacha nyingi kuliko zote, Urea inafuata kwa mbali, CAN kidogo kabisa. Kahawa inapenda pH (kipimo cha tindikali, namba ikishuka tindikali inapanda) ya 5 hadi 6. Ikishuka chini sana ya 5 aluminiamu inayeyuka na kuchoma ncha za mizizi, hapo hata uweke mifuko 20 mizizi haina mdomo wa kulia.

Tatizo linajificha kwa sababu tindikali inajikusanya palepale unapoweka mbolea kila mwaka, kwenye lile duara. Ukichukua sampuli katikati ya mistari maabara itakwambia udongo mzuri. Chukua sampuli mbili tofauti, za chini ya mti na za katikati ya mistari, kina cha sentimita 0 hadi 30, sehemu 15 hivi za shamba. Ikithibitika tindikali weka chokaa ya kilimo, ila usiiweke siku moja na Urea au SA, amonia itapaa yote. Achanisha wiki kadhaa. SA ina salfa, na sehemu zenye upungufu wa salfa ina kazi yake, basi ipishane na CAN.

Majani ya njano ni naitrojeni moja kwa moja?

Sio lazima. Naitrojeni ikipungua njano inaanza majani ya zamani, jani zima linafifia, hasa kwenye matawi yenye matunda mengi. Njano ikianza majani machanga huku mishipa ikibaki kijani fikiria chuma. Majani machanga yakififia mzima ni salfa. Majani ya zamani yakiwa njano katikati ya mishipa ni magnesiamu. Na kabla ya yote hayo fukua mizizi, kama maji yametuama au mizizi imeoza hakuna mbolea itakayokusaidia. Jani lililopauka upande wa jua tu, wakati la chini yake ni kijani, hilo limeunguzwa.

Niweke lini?

Wakati udongo una unyevu na mti unafanya kazi. Kilimanjaro na Arusha: masika yakishashika mwezi wa 3, tena mwezi wa 5 mvua hazijakatika, na vuli mwezi wa 11. Mbozi na Mbinga mvua ni moja ndefu, kwa hiyo mwezi wa 12, wa 2, na mwishoni mwa wa 3. Kivulini mara 2 zinatosha, juani usipungue mara 3, kwa sababu dozi kubwa ya mkupuo ndiyo inayozamishwa na mvua. Wanaomwagilia kwa mifongo, ile mifereji ya asili, wana nafasi nzuri zaidi lakini wasifurike maji baada ya kuweka, wataisukuma yote chini. Palilia kwanza, ukiweka kwenye majani unalisha majani.

Miche ya mwaka wa kwanza?

Gramu 100 za CAN kwa mwaka mzima, igawe mara 3 au 4, sentimita 15 kutoka kwenye shina. Kama shimo lilipewa samadi ya kutosha usiharakishe, subiri mche utoe majani mapya.

Nikizidisha ni nini kitatokea zaidi ya hasara?

Machipukizi laini yanavutia vidugamba na vidukari, mti unakuwa msitu, hewa haipiti, na chule buni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani vinapata unyevu vinavyoutaka. Punje inapoteza uzito na ladha inashuka, mnunuzi wa kuonja kikombe anaiona. Na kinachobaki kinaingia kwenye maji ya visima, kingine kinapaa kama gesi ya oksidi ya naitrojeni ambayo kilo moja inapasha dunia joto zaidi ya mara 250 kuliko kilo moja ya kaboni dayoksaidi.

Sisi wa Kagera na robusta yetu haya yanatuhusu?

Sana. Kibanja cha Bukoba, yaani shamba la nyumbani, kilijengwa kwa vizazi vya kubeba nyasi kutoka rweya (eneo la nyasi nje ya vibanja) na samadi ya ng'ombe kuja kwenye migomba na kahawa, ndio maana udongo wa kibanja ni mweusi na wa rweya hapohapo jirani hauoti kitu. Kwa mvua mnazopata huko naitrojeni inasombwa haraka, kwa hiyo dozi ndogondogo, na samadi kwanza. Ukipanda kahawa mpya kwenye rweya ukidhani utaitunza kama ya kibanja itakusumbua, anza na mboji nyingi, marejea, na kipimo cha pH.

Mbolea ya majani inaweza kuchukua nafasi ya ya ardhini?

Hapana, jani halinywi kilo. Inafaa kuokoa mti wenye mzigo mkubwa wakati wa ukame mfupi, Urea gramu 100 kwa pampu ya lita 20, asubuhi mapema au jioni. Tafuta Urea yenye biureti (kemikali inayobaki humo tangu kiwandani) kidogo, kahawa inaungua ncha za majani nayo haraka.

Nitajuaje kama nilichoweka kimetosha?

Pima jani. Chukua jozi ya 3 au ya 4 kutoka ncha ya matawi yanayozaa, usawa wa katikati ya mti, miti 30 hivi, peleka maabara, kwa Tanzania TaCRI (Taasisi ya Utafiti wa Kahawa) pale Lyamungu wanafanya kazi hii. Naitrojeni ya asilimia 2.5 hadi 3 ni nzuri, chini ya hapo ongeza, juu ya 3.5 punguza na ubaki na hela yako. Sampuli za juani na za kivulini zisichanganywe mfuko mmoja hata kama shamba ni lako lote, na andika kwenye karatasi mzigo wa matunda ulikuwaje siku unachuma, kwa sababu mti wenye matunda mengi jani lake linasoma chini na mwakani utahitaji kujua ulikuwa unalinganisha na nini.